Miezi Minane ya Kufumbiwa Macho

Kuna watu wakikununia hukupa mgongo, wengine hawapokei simu yako, na wengine huzunguka mtaa mzima wakikusema. Mdogo wake Mama Mikono alikuwa na njia yake, nayo ilikuwa kali kuliko hizo zote. Alifumba macho. Na kiziwi akishakufumbia macho, ndugu yangu, umekwisha. Huwezi kumpigia kelele, huwezi kumnong'oneza, hata kumtukana huwezi. Unabaki unapunga mikono hewani kama mtu anayefukuza nzi.

Kwa miezi minane Mama Mikono alikuwa amefukuza nzi wa kutosha.

Jina hilo alipewa kazini. Ndiye yule mwanamke anayeonekana ndani ya kiboksi pembeni mwa televisheni wakati wabunge wanabishana, akiyageuza maneno yao kuwa lugha ya alama. Kwa ajili ya kazi hiyo hakuvaa pete, hakupaka kucha rangi, na kabati lake lilikuwa na blauzi saba nyeusi zisizo na ua hata moja, ili macho ya mtazamaji yasipate pa kutangatanga. Muuza mboga alimwuliza siku moja kama ana msiba usiokwisha. Akajibu kwamba anafanya kazi bungeni, na muuza mboga akasema, "Basi pole vilevile."

Alizaliwa mwenye masikio katika nyumba ya viziwi. Baba yake alikuwa mpiga chapa, akisimamia mitambo iliyonguruma kiasi kwamba wenye masikio waliikimbia. Mama yake alikuwa fundi cherehani. Yeye alikuwa wa kwanza, na miaka minne baadaye akaja mdogo wake wa kiume, kiziwi tangu tumboni. Nyumba hiyo ilikuwa na sheria zake. Kengele ya mlangoni haikulia, iliwasha taa sebuleni. Ukitaka kumwita aliye mbali unakanyaga sakafu ya mbao kwa kishindo, mtetemo ukamfikia miguuni. Chupa ya chai haikuwekwa katikati ya meza, maana ingeziba mikono, na kumziba mwenzako mikono ni kumziba mdomo. Hukai na dirisha mgongoni, kwa sababu mwanga ukitoka nyuma yako uso unaingia giza na maneno yanapotea. Kusema huku mdomo umejaa chakula ilikuwa ruksa. Mwiko ulikuwa kusema huku mikono imejaa.

Na kulikuwa na suala la majina. Viziwi hawakuiti kwa jina la kwenye cheti. Jina hilo huandikwa kwa vidole, herufi baada ya herufi, na hiyo ni desturi kwa wageni, kwa polisi na kwa watu wa sensa. Ukiwa mtu wao wanakupa jina la alama, ishara moja tu, na hujichagulii. Unapewa.

La kwake alilipata akiwa mchanga. Mama yake aliogopa kwamba mtoto angelia naye asijue, basi kila alipolala aliliingiza dole gumba lake ndani ya kiganja cha mtoto. Mtoto akijinyonganyonga tu, mama anashtuka. Jina likawa hilohilo: kiganja cha kulia kinalifumbata dole gumba la kushoto, mara moja, kwa haraka. Duniani walilijua watu wachache. Aliyelibuni alikuwa amefariki miaka mitatu iliyopita. Baba mikono ilikuwa imeanza kumtetemeka, na jina likitoka kwake lilitoka limepinda. Aliyebaki kulisema sawasawa, kwa ule mkono mwepesi wa mama yao, alikuwa mdogo wake peke yake.

Mdogo mtu alikuwa seremala. Aliweka kiganja juu ya ubao na kujua kama msumeno umeisha makali. Tena alikuwa katibu wa Umoja wa Viziwi, shirika lenye ukumbi mmoja, viti vya plastiki na televisheni moja kubwa, na kila mtu alimwita Katibu, hata wateja waliokuja kutengenezewa vitanda. Ukimwona Katibu akizungumza unasahau ulikokuwa unakwenda. Dada yake alipochoka kule bungeni, alijiuliza tu: Katibu angelisemaje hili? Mikono ikapata njia.

Sasa tumlete Mheshimiwa, maana bila yeye hakuna ugomvi.

Mheshimiwa huyu alikuwa mhafidhina wa damu. Aliamini katika dini, ndoa, viatu vilivyopigwa rangi, na mambo kubaki pale yalipoachwa na wazee. Watu wa mashirika ya haki za raia aliwaita "mabwana na mabibi wa warsha", nao wakamwita majina ambayo hayaandikiki. Lakini uzeeni mama yake mzazi alipoteza masikio, na huyo mwana, mbunge mpya wakati huo, aliingia siku moja katika ukumbi wa Umoja akiwa na kalamu tatu mfukoni mwa shati, akakaa kiti cha nyuma, akaomba afundishwe namna ya kuzungumza na mama yake. Alikuja kila Jumamosi kwa mwaka mzima. Vidole vyake vilikuwa vigumu kama vijiti, lakini hakuona haya.

Ndipo ikatokea ndoa ambayo hakuna aliyeitabiri. Umoja ulikusanya saini na kuandamana, Mheshimiwa akabeba hoja bungeni, na baada ya miaka miwili ya kusukumana bunge likakubali kuweka mkalimani kwenye televisheni. Wahafidhina wenzake walinong'ona kwamba wanaharakati wamemlisha limbwata. Wanaharakati nao wakauliza Umoja unatafuta nini kwa mzee wa zama zile. Siku hoja ilipopita, viziwi walimpa jina: vidole vitatu vikigusa mfuko wa shati. Kalamu Tatu. Mtu mzima alitoa leso akalia mbele za watu. Na mkalimani wa kwanza kuajiriwa alikuwa Mama Mikono. Kazi yake ilikuwa na wazazi wawili, mheshimiwa mmoja na shirika moja, na kwa miaka mingi wazazi hao waliishi vizuri kuliko ndoa nyingi ninazozijua.

Kisha ukaja uchaguzi. Mashirika makubwa ya haki za raia yakatoa ripoti kuhusu namna kura zilivyohesabiwa, chama cha Kalamu Tatu kikaona kimevuliwa nguo sokoni, na hasira ikazaa muswada. Kila shirika linalosemea kundi fulani la raia lingefutwa, na makundi yote yangesemewa na baraza moja litakaloteuliwa na serikali. Umoja wa Viziwi haukuwahi kuhesabu kura ya mtu. Lakini wapiganapo tembo nyasi ndizo huumia, na Umoja ulikuwa nyasi ya kwanza kwenye orodha. Aliyechaguliwa kuutetea muswada huo, kwa heshima aliyokuwa nayo, ni Kalamu Tatu.

Siku ya hotuba yake Mama Mikono ndiye aliyekuwa zamu. Sheria ya mkalimani ni ngumu lakini haina kona: mdomo wako si wako. Mtu akisema mimi, nawe unasema mimi. Huongezi chumvi, hupunguzi pilipili. Na Kalamu Tatu alisema hivi: "Ndugu zetu viziwi nawapenda. Lakini hawahitaji shirika la kuwasemea. Mtu husemewa na familia yake."

Mama Mikono akayasema hayo kwa mikono yake, yote, mbele ya nchi nzima. Katika ukumbi wa Umoja watu sitini walikuwa wameitolea macho ile televisheni kubwa, na Katibu alikuwa amesimama mbele yao.

Alasiri alikwenda moja kwa moja kwenye karakana ya mdogo wake. Alimkuta anapiga randa, maranda yamemfika kwenye vifundo vya miguu.

"Ulisema vizuri mno," Katibu alimwambia kwa mikono.

"Mdogo wangu, ni kazi. Mjumbe hauawi."

"Kazi yako naijua. Nimekuona siku za bajeti ukijikwaa, ukirudia, ukitafuta neno. Leo hukujikwaa hata mara moja. Na hilo neno familia ulilisema kama alivyokuwa akilisema mama."

Alitaka kumjibu. Alikuwa ameinua mikono tayari. Katibu akafumba macho, akaweka kiganja juu ya ubao, na akaendelea kupiga randa kwa kupapasa.

Tusimwonee Katibu. Alijua vizuri kwamba yale hayakuwa maneno ya dada yake, si mtoto. Kilichomkata ni kuliona shirika lake likizikwa kwa mikono ileile iliyomfundisha kufunga kamba za viatu. Wala tusimwonee dada mtu, kwa sababu mkalimani akianza kujikwaa makusudi kwa asiowapenda, kesho nani atamwamini? Wote wawili walikuwa na haki, na ugomvi wa namna hiyo ndio mbaya kuliko wote, kwa kuwa hakuna wa kuomba radhi.

Jumapili walikula kwa baba kama kawaida, hakuna aliyethubutu kukosa. Katibu alikula akiangalia sahani. Dada yake akiinua mkono tu, macho yanafumbwa. Mzee alikanyaga sakafu hadi vijiko vikacheza, hakuna kilichobadilika. Jumapili ya tano au ya sita aliweka kijiko chini akasema, "Kiziwi nilimzaa nikamshukuru Mungu. Huyu kipofu ametoka wapi?" Hakucheka mtu. Mzee akachukua chumvi mwenyewe.

Mama Mikono alimkumbuka mdogo wake aliyekaa mbele yake, na hakuna kumkumbuka mtu kunakouma kama huko. Aliyakumbuka masengenyo yao ya jikoni, jinsi Katibu alivyomwiga kila mbunge kwa nyusi tu hadi yeye akamwaga chai. Alikumbuka kuitwa. Nyumbani kwake, mbele ya kioo cha bafuni, alilijaribu jina lake mwenyewe, kiganja kikafumbata dole gumba, mara moja, mara mbili. Halikuwa jina. Lilikuwa mwanamke wa miaka arobaini na sita ameshika kidole chake.

Mwezi wa nane wa ugomvi huo kamati ya bunge ikatangaza kikao cha kusikiliza maoni juu ya muswada, dakika kumi kwa kila shirika. Umoja ukaandika barua kwamba atakayezungumza ni Katibu, na kwamba wanaomba mkalimani yeyote isipokuwa dada yake. Barua hiyo ilipitia mezani kwa Mama Mikono. Aliutambua mwandiko. Aliigonga muhuri akaipeleka inakotakiwa.

Akapangwa mwenzake, bwana mmoja mwenye miwani aliyeisomea lugha ya alama chuoni. Mama Mikono angekaa kiti cha nyuma, akiba, kama taratibu zinavyotaka.

Asubuhi ya kikao alikutana na Kalamu Tatu bungeni, mlangoni pa chumba cha kamati. Alikuwa amezeeka. Kalamu zilikuwa tatu bado.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba, binti. Ndugu yako leo atanichana, eh?"

"Mimi sijui atakachosema, Mheshimiwa."

"Hata ungejua usingeniambia." Alitabasamu kidogo, kisha akaangalia chini. "Watu wanadhani nawachukia. Siwachukii. Mimi naona nyumba haiwezi kuwa na milango ishirini halafu kila ufunguo uko kwa jirani. Ndivyo nilivyolelewa. Lakini nikuulize kitu. Siku hizi wananiitaje pale?"

Angeweza kumdanganya, na adabu ilimwambia amdanganye. "Kwa herufi, Mheshimiwa. Moja moja."

Mzee aliyekwenda ule ukumbi Jumamosi za mwaka mzima hakuhitaji kuelezwa maana yake. Aligusa mfuko wa shati, akasema "Haya, haya," na akaingia ndani.

Chumba cha kamati kilikuwa na meza ndefu iliyojikunja kama kiatu cha farasi, karani wa kumbukumbu pembeni na mashine yake ya kuchapa, na mwenyekiti, mama wa makamo aliyeipenda saa yake kuliko watu waliokuja. Katibu alisimama katikati, shati limepigwa pasi, maranda mawili yamemganda kwenye nywele. Akaanza.

Na mambo yakaharibika. Bwana wa miwani aliyageuza maneno ya wengine kuwa alama vizuri tu, ila kumsoma Katibu kulimshinda. Katibu alisema kwa mkono wa nyumbani, wa haraka, wa mama yao, sentensi tatu zikipita wakati msomaji bado yuko kwenye ya kwanza. Bwana akaruka moja, akaruka mbili, jasho likamtoka, na mwisho akasema kwenye kipaza sauti, "Kwa ujumla anasema hawajafurahi."

Mbunge mmoja akapiga miayo. Katibu hakuisikia ile sentensi, lakini alisoma nyuso za watu tangu utotoni, na aliona kwamba maneno yake hayafiki. Mikono ikasimama. Mwenyekiti akatazama saa. "Dakika sita zimebaki."

Mama Mikono aliinuka. Taratibu hazikumruhusu kusema neno. Msemaji ndiye anayechagua mdomo wake. Alichoweza ni kusogea hatua mbili, atoke kwenye dirisha lililokuwa nyuma yake, uso wake upate mwanga. Akasimama hapo na roho mkononi, mikono imeshuka.

Katibu akamwona. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi minane alimtazama dada yake machoni. Haukuwa mtazamo wa mapenzi. Alimnyooshea kidole, kisha akakielekeza kidole hicho kwenye kipaza sauti. Wewe. Pale.

Mama Mikono akaketi, na bwana wa miwani akampisha kwa shukrani isiyofichika. Kisha Katibu akaanza upya, na safari hii kila neno lilifika. Dada yake aliyasema kwa sauti yake, akisema mimi kwa niaba yake: mimi nilikwenda kituo cha polisi kueleza kwamba nimeibiwa vifaa vyangu, nikawekwa ndani kwa kuwa nilipunga mikono, na aliyenitoa ni Umoja. Mimi nilimpeleka mke wangu kujifungua, na aliyekuja kunieleza daktari anasema nini ni Umoja. Yule mbunge aliyepiga miayo alikuwa ameacha kalamu yake ikining'inia. Mikono ya mdogo wake ilikuwa mbele yake, ikimngoja yeye kila sentensi inapokwisha, kama zamani jikoni. Mama Mikono alitamani dakika zisihesabiwe.

Kalamu Tatu aliinua mkono. "Swali, Mwenyekiti. Nimemsikia. Ninachomuuliza ni kile nilichosema bungeni. Watu hawa wana familia. Familia haiwezi kuwasemea?"

Mama Mikono akalazimika kulitafsiri swali hilo. Alilisema sawasawa, hakulipunguza. Kwenye neno familia mikono yake haikujikwaa, na hilo lilimuuma kuliko mara ya kwanza.

Katibu hakufumba macho. Alisubiri kidogo, halafu akajibu polepole, na sauti ya dada yake ikamfuata nyumanyuma.

"Mheshimiwa, mimi nina familia. Nina dada. Anasikia, ana elimu, na katika kazi yake sijaona wa kumfikia. Siku ile ulipotuambia kwamba tusemewe na familia, dada yangu alikuwa kazini. Alikuwa anakusemea wewe. Ilikuwa haki yako, na alifanya vizuri. Sasa nakuuliza na mimi: siku ile, nani alikuwa ananisemea mimi?"

Vidole vya Kalamu Tatu vilikwenda mfukoni mwa shati vikabaki hapo.

Mwenyekiti ndiye aliyeingilia, maana kumbukumbu za bunge hazipendi watu wasio na jina. "Kwa ajili ya kumbukumbu, huyo dada ni nani? Amtaje."

Mama Mikono akamgeuzia mdogo wake swali. Alijua kitakachokuja. Mbele ya kamati, mbele ya karani, mtu hutajwa kwa jina la cheti, herufi baada ya herufi, kama mgeni. Alijiandaa kuzisoma kwa sauti. Alipiga moyo konde, akaangalia ncha za vidole vya mdogo wake, akingoja ya kwanza.

Katibu aliinua mikono yote miwili. Kiganja cha kulia kikalifumbata dole gumba la kushoto. Mara moja, kwa haraka.

Karani aliinua macho kutoka kwenye mashine yake. Upande wa pili wa meza Kalamu Tatu, aliyekaa mwaka mzima kiti cha nyuma, alikuwa ameelewa, akainamisha kichwa.

"Mkalimani," alisema mwenyekiti, "tunasubiri. Amesema nani?"

Mama Mikono alijifuta macho kwa nyuma ya kiganja, jambo ambalo mkalimani hafanyi.

"Jina langu, Mwenyekiti," alisema. "Halina herufi."